Kaka na Nota Yake ya Juu

Siku ya onyesho kaka yangu hafungui mdomo tangu anapoamka mpaka anapopanda jukwaani. Ukimwuliza kama anataka chai, anatikisa kichwa. Ukimwuliza swali la pili, anakukazia macho mpaka ujute kuuliza la kwanza. Feni huzimwa hata kama sote tunatokwa jasho, na wageni huambiwa mlangoni kwamba sauti imelala, wapunguze makelele. Mimi dada mtu nimekua pamoja na sauti hiyo, na nasema bila kusita: hakuna mtoto katika ukoo wetu aliyewahi kudekezwa kiasi hicho.

Kazi yake ni kuimba opera. Kwa asiyeijua, opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu wanaimba badala ya kuzungumza, tena bila kipaza sauti, mbele ya okestra nzima, na anayekufa huimba muda mrefu kuliko wazima. Kaka ni tenori, yaani ana ile sauti ya juu ya kiume ambayo kwenye kwaya huitwa sauti ya tatu. Matenori hupewa nafasi za vijana wenye mapenzi, na ndio wanaotegemewa kwa zile nota za juu kabisa ambazo watu huzifuata kutoka mbali. Mwimbaji wa besi akiteleza, wachache watagundua. Tenori akiikosa nota yake ya juu, hata mlinzi wa getini anajua.

Hakuzaliwa kwenye nyumba ya muziki. Baba yetu ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na spana nyingi, na alitaka mwanawe wa kiume amrithi. Alikuwa akimwingiza ndani ya matangi ya maji ayasugue, na kaka akishajiona yuko peke yake humo ndani anaanza kuimba. Tangi tupu linaikuza sauti ya mtu yeyote, lakini ya kaka ilitoka mle ikajaza ua mzima. Siku moja mwenye nyumba iliyokuwa na tangi mojawapo, mama mmoja aliyekuwa akifundisha kwaya, alimwambia Baba kwamba kijana huyo apelekwe chuo cha muziki haraka.

"Nimpeleke akafundishwe kupiga kelele?" Baba aliuliza. "Hizo anazijua tayari. Kama kuna chuo cha kunyamaza, niambie."

Mama yetu ndiye aliyesimama kidete. Kaka akaenda chuoni, na spana zikabaki bila mwenyewe. Nilizichukua mimi. Mpaka leo wateja wakinifungulia mlango wanachungulia nyuma yangu kumtafuta fundi, nami huwa nawaacha wachungulie mpaka watosheke.

Chuoni alikabidhiwa kwa mwalimu mmoja wa kike ambaye wanafunzi walimwita Kidevu, kwa kuwa kila baada ya sentensi mbili alisema, "Kidevu chini!" Mwalimu Kidevu hakumruhusu kaka aimbe wimbo wowote kwa miezi mingi. Alimlaza chali sakafuni, akamwekea vitabu tumboni, akamwambia apumue mpaka vitabu viinuke na kushuka. Baba alikwenda kumtembelea, akafungua mlango wa darasa, akamkuta mwanawe amelala chini na vitabu juu yake. Akaufunga mlango taratibu. Nyumbani Mama alipomwuliza mtoto anaendeleaje, alisema, "Anasoma sana. Vitabu vimemlemea."

Lakini pumzi ile ilimjenga. Alipomaliza aliingia kwenye kundi la waimbaji wa nyuma katika jumba la opera, wale wanaokuwa askari katika sehemu ya kwanza, wageni wa harusi katika ya pili, na watawa katika ya tatu. Miaka ikapita amevaa ndevu za bandia. Kisha akapewa mistari miwili, kisha nafasi ya mtumishi anayeleta habari mbaya, na siku moja, nywele zimeshaanza kurudi nyuma, akapewa nafasi ya kijana mwenye mapenzi. Sote tulikwenda. Nilimcheka kwa ile suruali ya kubana, halafu alipoanza kuimba nikalia kama mjinga, na simwonei mtu haya kwa hilo.

Huko ndiko alikompata wifi yangu. Yeye ni mpiga piano wa mazoezi, kazi ambayo watazamaji hawaioni kabisa. Kabla okestra haijaja, ni yeye na piano yake wanaowafundisha waimbaji kila wimbo mpaka waujue. Mara ya kwanza walipofanya kazi pamoja, kaka aliing'ang'ania nota moja nzuri kupita muda wake, akiwa ameshafumba macho kwa raha. Wifi akaacha kupiga, akakunja mikono, akamsubiri. Kaka alipofumbua macho, wifi alisema, "Ukimaliza kujisikiliza tuendelee." Mwaka uliofuata wakaoana.

Waliishi vizuri, masanduku yao hayakukaa muda mrefu juu ya kabati, maana kaka alialikwa huku na kule. Wimbo uliompatia jina ulitoka kwenye opera moja ya kale, wa kijana aliyefungiwa nje ya mji wake, anawaomba walinzi wamfungulie lango. Sijui lugha wanayoimbia, masikioni mwangu zote zinafanana na ugomvi, lakini kaka alinieleza kwamba nota ya juu kabisa iko kwenye neno "fungueni". Alikuwa akiifikia na kuikalia kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake.

Kisha ukamtoka uvimbe shingoni. Daktari alisema haukuwa wa hatari kwa maisha, ila lazima utolewe, na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita karibu nao mno. Hilo nililielewa mara moja, kwa kuwa nimeshawahi kutoboa ukuta ambao nyuma yake umepita waya wa umeme. Upasuaji ulikwenda salama. Kaka alipoamka akajaribu kutuita, ikatoka pumzi tupu. Nilitoka nje ya wodi nikajifanya natafuta maji.

Sauti ya kuzungumza ilirudi kwa mazoezi ya subira. Sauti ya kuimba nayo ikafuata, ya chini, kisha ya kati. Ile ya juu ilikataa. Kila akikaribia anakaza shingo, anafunga, anakohoa, anasema vumbi. Akaanza kukataa mialiko. Waimbaji wana desturi yao: kwenye mazoezi hawatoi sauti yote, wanabana, wanaimba kama wanaonong'ona ili waitunze kwa siku yenyewe, na hakuna anayewauliza. Kaka akaigeuza desturi hiyo kuwa maisha. Alibana asubuhi, alibana jioni, mwaka mzima anatunza sauti kwa ajili ya siku ambayo hakutaka ifike.

Halafu, ghafla, habari zikawa njema. Akiwa nyumbani na wifi kwenye piano, alijaribu wimbo wake wa lango na akaifikia nota ya juu. Kesho yake akaifikia tena. Alinipigia simu akicheka na kulia kwa pamoja. Wiki hiyohiyo kiongozi wa okestra, rafiki yake wa zamani, alimwomba aje aimbe wimbo huo katika tamasha la Jumapili mchana, mwezi mmoja mbele, na kaka akakubali kabla mwenzake hajamaliza kuuliza.

Nilikwenda kwao siku chache baadaye kutengeneza sinki la jikoni lililokuwa linavuja. Kaka alikuwa sokoni. Nimelala chini ya sinki, kichwa ndani ya kabati, naona miguu ya wifi imesimama pale haiendi.

"Wifi, nikuombe tochi," nilisema.

Akanipa tochi. Miguu ikabaki palepale.

"Wifi, nimefanya jambo."

"Umevunja nini?"

"Ule wimbo wake. Ninaupiga chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya ulipoandikwa. Unaweza kuuhamisha wimbo mzima ukaushusha kidogo, kila nota inashuka sawasawa, na wimbo unabaki uleule. Anayesikiliza hajui. Ile ya juu anayoifikia siyo ile. Ni iliyo chini yake."

Nilijigonga kichwa kwenye sinki.

"Na yeye hajui? Masikio yake ni ya mapambo?"

"Kuna watu wakisikia nota wanaitaja jina. Yeye hakujaliwa hilo, huwa anajua kwa koo, na koo lake tangu upasuaji limekuwa geni kwake. Nilitaka apate moyo tu, wifi. Nilisema nitaupandisha polepole bila yeye kujua. Lakini siku ile alipoifikia alipiga magoti akanikumbatia hapo kwenye kiti. Ningemwambiaje?"

"Na okestra?"

"Okestra itapiga palipoandikwa."

Nikatoka chini ya sinki nikiwa na vumbi usoni. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala. Nilimwambia, "Mimi koki ikivuja nikaifunga kitambaa, mteja atanisifu siku hiyo. Atakayelowa ni yeye. Umwambie leo, kabla hajaambiwa na watu mia mbele yake."

"Utabaki?"

"Nitabaki."

Kaka aliingia na mfuko wa nyanya. Wifi alimwambia akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya piano, hakuzunguka mbuyu. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Akauweka mfuko chini.

"Piga palipoandikwa," alisema.

Wifi akapiga. Kaka akaimba vizuri mpaka karibu na neno "fungueni", na pale akafunga mdomo. Hakujaribu hata kidogo. Aliokota mfuko wake, akazipanga nyanya sahanini moja moja, akatoka.

Tangu siku hiyo akawa mpole kwa mkewe. Asante. Samahani. Naomba chumvi. Nani asiyejua upole wa aina hiyo? Afadhali mtu akurushie sahani. Wifi alikonda kwa ajili ya zile asante.

Mwishoni kaka alinifuata kwenye karakana yangu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtu na skafu yake, ile aliyoifunga shingoni tangu upasuaji.

"Amenidanganya," alisema.

"Amekudanganya, ndiyo."

"Kwa nini hakuniambia tu kwamba siwezi?"

"Angekuambia ungefanyaje?"

"Ningeacha."

"Basi umejijibu."

"Wewe hujui, dada. Nikiomba waushushe, kila mtu atajua nimekwisha. Nikiimba palipoandikwa ikakatika, kila mtu atajua nimekwisha."

"Na ukikaa nyumbani?"

"Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," nilisema, "na unanijua mdomo wangu. Nitakusema mpaka uote mvi za masikioni." Hakucheka. Nikaweka spana chini. "Kaka, mwaka mzima unaitunza hiyo sauti. Unamtunzia nani? Nenda ukaione kama ipo. Kama haipo tutalia pamoja, halafu nitakufundisha kuunga mabomba."

Aliniomba nimsindikize kwenye mazoezi. Wifi hakuombwa, na alijifanya ana kazi nyingine.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vimefunikwa mashuka, wanamuziki wamevaa nguo za nyumbani, mmoja anamalizia mkate wake. Kiongozi wa okestra alimkumbatia kaka akamwambia, kama desturi, "Wewe bana tu, tunza kwa Jumapili."

"Leo sibani," kaka alisema. "Nitaimba kwa sauti yote."

Niliona watu wakitazamana. Wakaanza. Aliimba, na mimi niliyekaa nyuma kabisa nilimsikia kama yuko kando yangu. Sikuwa nimemsikia hivyo tangu kabla ya hospitali. Akapanda, akapanda, akafika kwenye "fungueni", na sauti ikakatika vipande viwili. Ilikuwa sauti mbaya, sitamfichia, kama mlango wa stoo. Okestra ikanyamaza mstari kwa mstari. Kaka akabaki amesimama, mdomo wazi. Kitu alichokikimbia mwaka mzima kilikuwa kimeshatokea, mbele ya watu, mchana kweupe.

Kutoka safu ya nyuma, mpiga tarumbeta mmoja mnene akasema kwa utulivu, "Karibu chamani. Mimi yangu hukatika kila Jumanne."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikamwona kaka mabega yanatikisika, nikadhani analia, nikasimama. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika kinanda kilichokuwa kando yake asianguke, akajifuta macho kwa ile skafu, kisha akaivua akaitupa kitini.

Kiongozi akamsogelea. "Nakala za chini tunazo kabatini," alimwambia kwa sauti ya kawaida, bila kumficha mtu. "Wengi wanaziomba, wakubwa kuliko wewe na mimi. Sema tu."

"Nipigieni tena palepale."

Mara ya pili haikukatika wala haikufika, iliteleza. Mara ya tatu kiongozi alimkataza, akamwambia akapumzike, na kwamba asubuhi ya Jumapili ampe jibu: juu au chini, zote ni halali.

Tulirudi kwao. Wifi alikuwa anapiga pasi, na pasi ilikuwa baridi, hakuwa ameichomeka. Kaka akavuta kiti akakaa mbele yake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakusema samahani wala asante.

"Imekatika," alimwambia. "Mbele ya wote."

"Pole."

"Wala si pole. Wewe ndiye unayenisikia kila siku. Nataka uniambie kweli yako, kama zamani. Naifikia au siifikii?"

Wifi alishusha pasi. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa huwezi. Sasa unaweza, nakusikia hata unapobana, ila unafika pale ukiwa umeshajihurumia. Ukifika bila kujihurumia, utaipata. Haitakuwa ile ya zamani. Itakuwa nyembamba."

"Nyembamba kiasi gani?"

"Nyembamba. Lakini yako."

 Kaka akasema, "Basi nipigie palipoandikwa. Na usinisaidie tena."

"Sitakusaidia," wifi alisema, na akaenda kwenye piano.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Nilikaa na wifi, na upande wake wa pili Baba, aliyevaa koti la harusi yake na kuuliza kwa sauti ya kusikika safu tatu kama yule anayetangulia ndiye mwanawe. Nikamwambia Baba, yule ni mwanamke. Akasema taa ni mbaya.

Kaka alipotoka niliona hana skafu. Kovu lilionekana juu ya kola. Asubuhi ile alikuwa amempigia kiongozi simu, yeye ambaye siku ya onyesho hasemi na mtu, akasema neno moja: juu.

Alipoanza, vidole vya wifi vikaanza pia, juu ya magoti yake, vinapiga wimbo wote kimyakimya kama viko nyumbani. Sidhani alijua. Niliviona vinakimbia, vinasubiri pale kaka alipovuta pumzi, vinaendelea.  Nilimpenda kaka yangu wakati ule kwa namna ambayo sijawahi kumwambia, na nilikuwa tayari kumpiga mtu yeyote ambaye angecheka.

Wimbo ukaanza kupanda kuelekea langoni. Hapo wifi akavitazama vidole vyake, akavinyanyua kutoka magotini, akaviweka chini ya mapaja yake, akavikalia. Akafumba macho.

Kaka akafika. Ilitoka nyembamba, kama alivyoambiwa, haikuwa na ule ukubwa wa zamani. Ilitetemeka mwanzoni, nikasikia Baba amevuta pumzi, halafu ikatulia. Ikakaa pale juu. Aliishikilia muda wake tu, hakuzidisha, akashuka nayo mpaka mwisho wa wimbo, na watu wakasimama. Baba alisimama akidhani tamasha limekwisha, akaona wenzake wanapiga makofi, naye akapiga.

"Alinyamaza vizuri pale mwisho," aliniambia. Macho yake yalikuwa mekundu.

Tulikwenda nyuma ya jukwaa. Chumba chake kilijaa watu, kiongozi wa okestra, yule mpiga tarumbeta, wengine wenye maua. Kaka aliwapita wote akaja kwa mkewe.

"Ulinisaidia?" alimwuliza.

"Niliikalia mikono," wifi alisema. "Mpaka imekufa ganzi. Siisikii."

Kaka akaishika mikono yake miwili. Vidole vilikuwa vyeupe, vimebaki na alama za mshono wa kiti. Wenye maua walikuwa wamepanga mstari mlangoni wanamsubiri, naye hakugeuka. Alisimama pale akiisugua ile mikono, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka damu ikaanza kurudi.